Je, Namba Tasa Hazizai? Uhakiki wa Utetezi wa G. H. Hardy

Miongoni mwa maswali ambayo wataalamu huulizwa na wananchi, hapana lililo zito kuliko hili fupi: kazi yako yatufaa nini? Daktari hujibu kwa kumwonyesha mgonjwa aliyepona, na mhandisi hujibu kwa daraja lake. Mwanahisabati, hasa yule anayeshughulika na ile iitwayo hisabati safi, yaani hisabati inayotafitiwa kwa ajili ya kujua tu pasipo kutazamia matumizi yoyote, aghalabu hunyamaza, au hujibu kwa maneno ambayo muulizaji hana njia ya kuyapima. Kuuliza si ujinga. Katika nchi zetu, ambamo shule nyingi hazina madawati ya kutosha, mlipa kodi ana haki ya kujua kwa nini chuo kikuu kimlipe mtu mshahara ili akae afikirie namba.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jibu lililo mashuhuri kuliko yote yaliyowahi kutolewa kwa swali hilo. Jibu lenyewe limo katika kitabu kidogo kiitwacho A Mathematician's Apology, yaani Utetezi wa Mwanahisabati, kilichoandikwa na Mwingereza G. H. Hardy na kuchapishwa Cambridge mwaka 1940. Tunakihakiki mbele ya walimu wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, kitabu hiki ni kazi ya nathari, nacho kimesomwa na watu wengi ambao hawajapata kutafiti hisabati hata siku moja. Pili, jambo linalobishaniwa humo ni namna ya kueleza, na kueleza ni kazi ya lugha.

Hardy alizaliwa mwaka 1877, akafa mwaka 1947. Alipoandika kitabu hiki alikuwa mtu wa miaka sitini na zaidi, ambaye moyo ulikuwa umemuugua mwaka uliotangulia, na ambaye aliamini kwamba nguvu yake ya kuvumbua imekwisha. C. P. Snow, rafiki yake aliyeandika utangulizi wa toleo la mwaka 1967, alikisoma kitabu hiki kama kitabu cha huzuni, na hatuoni sababu ya kumpinga. Hata hivyo, huzuni ya mwandishi haituzuii kuzipima hoja zake.

Hoja hizo ni tatu. Ya kwanza ni ya uzuri: mwanahisabati, kama mshairi na mchoraji, ni mfumaji wa ruwaza, ila ruwaza zake zimefumwa kwa mawazo matupu, na kwa hiyo hudumu kuliko za wenzake. Ya pili ni ya kukiri: Hardy anasema kwamba hisabati ya kweli haina faida ya kutumika, na kwamba uvumbuzi wake mwenyewe haujaongeza wala kupunguza raha ya ulimwengu. Ya tatu inaifuata hiyo ya pili: kwa kuwa haitumiki, basi haidhuru. Akiandika wakati wa vita, alijifariji kwamba hakuna aliyegundua namna ya kupigania vita kwa nadharia ya namba.

Kabla ya kuzikosoa hoja hizo, haki yatutaka tutaje jambo moja ambalo Hardy alilifanya na ambalo watetezi wengi waliomfuata wameliacha. Hakutosheka kuisifu hisabati, bali aliiweka mbele ya msomaji. Alitoa thibitisho mbili kamili za Wayunani wa kale. Mmoja waonyesha kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu yenye namba kamili juu na chini. Wa pili ni wa Euclid, aliyeandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, nao wahusu namba tasa. Nasi tutaueleza huo wa pili kwa njia yetu, kwa sababu bila ya kuupitia hatutaweza kuamua lolote juu ya thamani yake.

Mwuza machungwa sokoni hupanga bidhaa yake mafungu mafungu. Akiwa na machungwa 12 aweza kupanga mafungu 2 ya sita sita, au 3 ya manne manne, au 4 ya matatu matatu, au 6 ya mawili mawili. Akiwa na 13 hana namna. Atake asitake, mafungu hayatalingana, isipokuwa aweke yote fungu moja au ayatandaze moja moja. Namba kubwa kuliko 1 isiyokubali kupangwa kwa mafungu sawa ndiyo iitwayo namba tasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, na kuendelea. Chini ya 100 ziko 25. Lakini kati ya 900 na 1,000 ziko 14 tu. Kadiri tunavyopanda ndivyo zinavyozidi kuadimika. Je, hufika mahali zikakoma?

Tuseme mtu ametuletea orodha, akadai kwamba namba tasa zote zimo humo: 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Tuzizidishe zote pamoja, tunapata 30,030. Tuongeze 1, tunapata 30,031. Sasa tuigawe namba hii kwa yoyote katika orodha ile. Kila mara itabaki 1, maana 30,030 yagawanyika sawasawa kwa kila moja, na ile 1 tuliyoongeza haina pa kwenda. Walakini kila namba kubwa kuliko 1, kama si tasa, basi hugawanyika kwa namba tasa fulani. Kwa sababu isiyo tasa huvunjika kuwa namba ndogo zaidi, na hizo nazo vivyo hivyo, wala mvunjiko huo hauwezi kuendelea bila kikomo. Kwa hiyo iko namba tasa inayoigawa 30,031, nayo haimo katika orodha. Kwa kweli 30,031 ni 59 mara 509, na zote mbili ni tasa. Mwenye orodha akiziongeza hizo, tutairudia kazi ile ile, naye atashindwa tena. Hata orodha iwe ndefu namna gani, haiwezi kuzimaliza. Namba tasa hazina mwisho.

Yafaa tujiulize msomaji amepata nini katika aya mbili hizo. Amepata kujua jambo lisilo na mwisho kwa hatua chache zenye mwisho. Tena, na hili ndilo kubwa zaidi, amelijua pasipo kumwamini mtu yeyote. Hakuambiwa kwamba Euclid amesema, wala kwamba Cambridge imekubali. Kama ametia shaka, aliweza kusimama katika hatua yoyote na kuikagua mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Mambo mengi tunayofunza shuleni, kama umbali wa jua au umri wa miamba, mwanafunzi huyapokea kwa kuwaamini waliopima. Hili halikupokewa kwa imani. Limekuwa mali yake.

Hapo ndipo tunapoona kasoro ya kwanza ya Hardy. Aliufungua mlango, kisha akawadharau waliomo mlangoni. Tangu ukurasa wa kwanza anadai kwamba kueleza na kuhakiki ni kazi ya akili za daraja la pili, na kwamba anaifanya kwa kuwa hawezi tena kufanya ile ya daraja la kwanza. Msimamo huu ni ule wa kusema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Lakini kitabu chake chenyewe chamsuta. Uthibitisho wa Euclid haukufika Cambridge kwa miguu yake wenyewe. Ulifikishwa na wanakili, wafasiri na walimu wa zama nyingi, Wayunani, Waarabu na Walatini, waliokuwa wakieleza. Pasipo hao wa daraja la pili, Hardy asingekuwa na kitu cha kukiita kizuri.

Kasoro hiyo yazaa nyingine katika hoja ya uzuri. Kumfananisha mwanahisabati na mshairi ni jambo la kupendeza, nasi walimu wa lugha tungependa kulikubali upesi. Lakini tulitazame vizuri. Mtu aliyekaa barazani aweza kulifurahia shairi linaloghaniwa hata asipojua kuhesabu mizani wala kutaja vina, kwa kuwa sauti humfikia kabla ya kanuni. Uthibitisho haughaniwi. Asiyezipitia hatua zake haoni hata kivuli cha uzuri wake. Kwa sababu hiyo, kumwambia mwananchi kwamba hisabati ni nzuri, ukaishia hapo, ni sawa na kumsifia mtu chakula huku umelifunika sahani. Wasemao kwamba kizuri chajiuza wasahau kwamba mnunuzi lazima akione kwanza.

Hata jina hisabati safi lina mtego wake. Neno safi laleta dhana kwamba ile hisabati nyingine, ya mhandisi na ya mpimaji, ina uchafu. Hardy aliamini karibu hivyo, kwa maana hisabati yenye kazi aliiona butu na isiyo na uzuri. Sisi tunalitumia jina hilo kwa kuwa limezoeleka, lakini hatuikubali hukumu iliyofichwa ndani yake.

Sasa tuje kwenye hoja ya pili na ya tatu, ambazo wakati wenyewe umezihukumu. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, waliokuwa katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, walibuni njia ya kuandika ujumbe kwa siri iliyojengwa juu ya namba tasa. Mwingereza Clifford Cocks alikwisha kuigundua njia ya jinsi hiyo mwaka 1973 katika idara ya siri ya serikali yake, lakini jambo hilo halikutangazwa mpaka mwaka 1997. Msingi wake msomaji ameuona tayari. Kuzidisha 59 kwa 509 ni kazi ya dakika moja. Lakini mtu akipewa 30,031 peke yake na kuambiwa atafute wazazi wake, atahangaika. Namba zikiwa na tarakimu mamia, hata kompyuta huhangaika kupita kiasi. Ufungaji na ufunguaji wa siri hiyo hutegemea kanuni ambayo Fermat aliitaja mwaka 1640 na ambayo Euler aliipanua katika karne iliyofuata, wala hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiwaza mambo ya benki. Leo hii siri za fedha na za barua katika intaneti hulindwa kwa njia hiyo na nyingine za jamii yake. Tena maandishi ya siri ni silaha ya vita kama silaha nyingine. Kwa hiyo dai la kutofaa na faraja ya kutodhuru vimeanguka pamoja. Na si hilo tu. Hardy mwenyewe, mwaka 1908, aliandika barua fupi katika jarida la Science juu ya namna sifa za urithi zinavyodumu katika kizazi baada ya kizazi, na kanuni hiyo, ambayo leo yaitwa kwa jina lake na la Weinberg, hufundishwa kwa kila mwanafunzi wa elimu ya urithi.

Tangu hapo imezuka desturi ya kuigeuza habari hii kuwa jibu kamili. Mwananchi akiuliza kazi ya hisabati safi, huambiwa: subiri, siku moja itafaa, kama zilivyofaa namba tasa. Hatukubali kwamba jibu hili ni la haki. Ni kama kumwonyesha mtu tikiti moja ya bahati nasibu iliyoshinda na kuzificha zile zisizoshinda. Mwaka 1742 Goldbach alimwandikia Euler dhana ambayo leo husemwa hivi: kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Mpaka leo hakuna aliyelithibitisha hilo, na siku litakapothibitishwa hakuna awezaye kuahidi kwamba litaongeza mkate mezani kwa mtu yeyote. Anayeahidi faida asiyoijua anakopa kwa jina la wengine, na mkopo huo usipolipwa, umma hautamwamini tena hata akisema kweli.

Lancelot Hogben, katika kitabu chake Mathematics for the Million cha mwaka 1936, alijaribu njia iliyo karibu na hiyo. Aliihadithia hisabati kama chombo kilichozaliwa na haja za watu: kalenda, safari za baharini, upimaji wa mashamba. Hardy alimjibu kwa ukali. Kwa upande wa adabu kwa msomaji twamsifu Hogben, maana alimheshimu mtu wa kawaida na kumwandikia akitarajia kueleweka. Lakini kipimo chake ni kifupi. Hapana mfanyabiashara wa zama za Euclid aliyehitaji kujua kama namba tasa zina mwisho. Swali lile lilizaliwa na hamu ya kujua, na kama haja ndiyo mzazi pekee, basi halina pa kusimama. Ajabu ni kwamba hiyo hiyo siri ya mwaka 1977, inayomwaibisha Hardy, haimpi Hogben ushindi, kwani ilichotwa katika kisima kilichochimbwa na watu wasiokuwa na kiu.

Iko njia ya tatu ya kukosea, nayo yatuhusu sisi wa eneo hili kwa karibu. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua huko Ishango, Kongo, kando ya Ziwa Edward mahali unapotokea mto Semliki, mfupa mdogo wenye alama za kuchanjwa. Mfupa huo, unaohifadhiwa Brussels, unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Katika safu moja alama zimepangwa 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote kati ya 10 na 20. Basi wako waliokwisha kutangaza kwamba wazee wa Ishango walizijua namba tasa. Twajivunia mfupa huo, na huenda aliyeuchanja alikuwa akihesabu au akiweka kumbukumbu. Lakini alama nne si uthibitisho. Kuzijua namba tasa ni kujua kwa nini 13 haipangiki, wala mfupa hausemi kwa nini. Sifa isiyo na hoja haimheshimu babu, wala haimfundishi mjukuu.

Tukiisha kuziondoa ahadi na sifa, tunabakiwa na nini cha kumwambia mlipa kodi? Twaona kwamba jibu limo katika ule uthibitisho wenyewe. Hisabati safi ni elimu ambayo hoja yake haimjui mkubwa wala mdogo. Mwezi Januari 1913 Srinivasa Ramanujan, karani wa ofisi ya bandari ya Madras, asiye na shahada, raia wa nchi iliyotawaliwa, alimwandikia Hardy barua iliyojaa kanuni. Hardy aliisoma pamoja na mwenzake Littlewood, wakazipima, nazo zikawashinda kuzikataa. Nyingi hazikuwa na uthibitisho, na miaka iliyofuata Hardy alisisitiza kwamba uthibitisho utafutwe. Mwaka 1918 karani yule alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Haikumsaidia nasaba wala cheo. Zilimsaidia kanuni zenyewe, ambazo mtawala hakuweza kuzigeuza kuwa uongo kwa amri. Hardy alijua hivyo, na katika Utetezi wake anakumbuka kwa fahari kwamba aliwahi kufanya kazi na Ramanujan karibu kama mtu na mwenziwe. Twasikitika kwamba hakuona kwamba hapo ndipo penye utetezi wenye nguvu kuliko wote aliouandika.

Taifa lenye watu wanaothibitisha lina watu waliozoea kuuliza kwa nini na kutoridhika mpaka waonyeshwe. Mtafiti anayelipwa ili afikirie namba huilinda desturi hiyo, na huipitisha kwa walimu anaowafunza, nao kwa watoto. Gharama yake ni ndogo, kwa kuwa vyombo vyake ni karatasi, vitabu na muda. Faida ya kutumika ikija, na ije. Lakini hii ya kwanza haingojewi miaka 300. Hupatikana siku ile ile uthibitisho unapoeleweka.

Hapa ndipo walimu wa Kiswahili tunapoingia. Katika nchi zetu nyingi mtoto hufundishwa hisabati ya sekondari kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, na aghalabu hukariri uthibitisho kama mtu akaririye maneno ya kigeni: anaweza kuutamka, lakini hawezi kusimama katikati yake na kukataa. Uthibitisho usioweza kukataliwa na msikilizaji umegeuka kuwa amri. Lugha yetu haina upungufu wa maneno kwa kazi hii. Shufwa na witiri, kigawo na kigawe, kipeuo na baki, yote yamo katika vitabu vya shule tangu zamani. Kinachopungua ni nathari ya kueleza, sentensi zenye kwa sababu, kwa hiyo, walakini na maadamu, zinazomwongoza msomaji hatua kwa hatua. Mwalimu wa insha aweza kuwapa wanafunzi wake kazi hii: elezeni kwa Kiswahili sanifu, kwa aya mbili, kwa nini namba tasa hazina mwisho. Atakuwa amefundisha viunganishi, na atakuwa amefundisha kisichosahauliwa.

Tumalizie kwa neno lenyewe. Katika jamii zetu kumwita mtu tasa ni tusi zito, na walioiita namba ya jinsi hii tasa walitazama upande mmoja tu, kwamba haina vigawo vya kuizaa ila 1 na yenyewe. Wangetazama upande wa pili wangeona kwamba kila namba nyingine iliyo kubwa kuliko 1 imetokana na hizi: 12 ni 2 mara 2 mara 3, na 30,031 ni 59 mara 509. Zinazoitwa tasa ndizo mama wa zote. Hatupendekezi jina libadilishwe, kwani limekwisha kuenea. Twapendekeza lielezwe.